Cherehani, sindano mbili au kroshia: kipi kiingie kwanza nyumbani kwako?

Wanaouliza swali hili hufanana. Wana watoto, wana kazi, labda wana jioni moja ya kupumua kwa wiki, na bado wanataka watu wao wavae kitu kilichotoka mikononi mwao. Wengine wamechoshwa na yunifomu ambayo pindo lake linafumuka kabla muhula haujafika katikati. Wengine wanangoja mtoto mchanga. Wengine wanapenda tu, na hiyo ni sababu tosha.

Tusidanganyane lakini: Uganda nguo hazijaadimika. Pale Owino, yaani Soko la Mtakatifu Balikuddembe la Kampala, mivumba, yaani nguo za mitumba, ni ya kuchagua mpaka uchoke, na karibu kila senta, yaani kituo cha biashara, ina fundi aliyekaa barazani na cherehani yake. Ukihesabu saa zako zote, sweta la mivumba litakushinda kwa bei kila mara. Unachopata kwa kujitengenezea ni kingine: nguo inayomkaa mtoto wako mwenye mikono mirefu, kitambaa ulichokichagua mwenyewe, na uwezo wa kurekebisha ambao unabaki nyumbani hata pesa ikikosekana.

Nitalinganisha njia tatu: kushona kwa cherehani, kufuma kwa sindano mbili, na kufuma kwa kroshia, yaani sindano moja yenye ncha ya ndoano. Vigezo ni vitano. Muda wako hukatikaje? Pesa ya kuanzia na ya kuendelea ni kiasi gani? Nyumba yako ina nafasi gani, mwanga gani, na watoto wa umri gani? Ukikosea, kosa linarekebishika? Na mwisho, unataka nguo gani hasa?

Muda nimeutanguliza kwa makusudi. Wengi huanza na bei, wakanunua, na miezi sita baadaye cherehani ni meza ya kuwekea redio. Hawakukosa pesa wala mapenzi. Walikuwa na dakika kumi kumi, wakanunua kitu kinachodai saa mbili.

Muda

Cherehani ina sifa ya kasi, na sifa hiyo ni ya kweli kwa sehemu moja tu ya kazi. Mishono ya gauni la mtoto huisha haraka. Kinachokula siku ni yale yanayotangulia: kufua kitambaa ili kirudi kabla hakijashonwa, kukipiga pasi, kupima, kukitandika sakafuni, kukata, kubana kwa pini. Hiyo hatua ya kukata haipendi kukatizwa. Ukiinuka kwenda kutazama posho (ugali) jikoni, ukirudi utakuta mtoto wa miaka mitatu amekaa katikati ya kitambaa na chaki mkononi.

Wanaofanikiwa kushona wakiwa na familia huigawanya kazi. Siku moja ni ya kukata tu: nguo tatu au nne kwa mpigo, kila moja ikafungwa kwenye mfuko wake pamoja na uzi, zipu na vifungo vyake. Siku za wiki zinabaki za mishono. Dakika ishirini leo mabega, kesho mikono, keshokutwa pindo. Mpango huu una sharti moja: cherehani ikae wazi, ikiwa imeshatungwa uzi. Kama kila mara lazima uitoe chini ya kitanda na kuirudisha, zile dakika ishirini zitaishia kwenye kuitoa na kuirudisha.

Sindano mbili ziko polepole. Sweta la mtoto wa miaka miwili linaweza kumchukua wiki kadhaa mtu anayefuma vipande vya jioni. Lakini kazi hii inakwenda nawe. Foleni ya kliniki, teksi ya Mukono inayosubiri ijae, kivuli cha mti siku ya kumtembelea mtoto bwenini, yote ni mistari ya sweta. Taabu yake ni pale unapoitwa ghafla. Ukiacha katikati ya mstari, vitanzi vya mwisho huchomoka kwenye sindano, na ukirudi huna hakika ulikuwa unaelekea upande gani. Kwa hiyo watoto wa mfumaji hujifunza kusikia "ngoja nimalize mstari". Na kama umechagua urembo wa kuhesabu vitanzi, usiufume mahali pa mazungumzo. Mazungumzo huteketeza hesabu. Mahali pa watu fuma sehemu zilizo wazi, mgongo au mikono.

Kroshia kwa kigezo hiki inawazidi wenzake, na sioni haja ya kuzunguka. Wakati wowote kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Mtoto akilia unakivuta kiwe kirefu, unachomoa kroshia, unaondoka. Ukirudi baada ya saa mbili au wiki mbili, kazi iko palepale. Kwa mzazi wa kichanga, ambaye hata dakika tano hana uhakika nazo, hilo ni jambo kubwa.

Pesa

Hapa cherehani ndiyo nzito. Mpya ya mguu ni mamia ya maelfu ya shilingi, na kwa familia nyingi fedha hiyo hushindana na karo. Ukinunua, usihangaike na rangi ya mwili wake. Angalia kama ni aina ambayo mafundi wa mtaani wanaijua na vipuri vyake vinapatikana: Singer na Butterfly zimezoeleka kiasi kwamba bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), mkanda na sindano zake hutazitafuta mbali.

Ukienda kwenye iliyotumika, nenda na kipande cha kitambaa mfukoni. Zungusha gurudumu kwa mkono kwanza, taratibu, usikie kama kuna mahali linapokwama. Halafu shona tabaka mbili, geuza kitambaa, utazame chini: mishono ya chini ikiwa imelegea na kufanya vitanzi vitanzi, uzi haukazwi sawasawa. Mara nyingi ni suala la kurekebisha tu, lakini muuzaji airekebishe mbele yako. Kanyaga pedeli ukiwa umekaa, maana zipo zinazoyumba kiasi cha kukuchosha goti. Baada ya hapo gharama ndogondogo haziishi: sindano namba 14 kwa vitambaa vya kawaida na 16 kwa vizito, uzi, mafuta ya cherehani (ya kupikia yanaganda, usijaribu), na overloki, mshono unaozuia kingo za kitambaa zisifumuke. Cherehani ya mguu ya kawaida hushona mstari mnyoofu tu, hivyo kingo za ndani ama utazipeleka kwa mwenye overloki pale senta, ama utazishona mara mbili: kwanza kwa nje, kisha unageuza na kushona kwa ndani ili nyuzi zifungike humohumo.

Sindano mbili ni rahisi kuzipata, na wengi walijifunza bila hata kuzinunua. Spoki mbili za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye simenti zimefundisha watoto wengi wa shule. Spoki ina unene wa kama milimita 2, kwa hiyo hutoa kazi ya karibukaribu na ya polepole. Kwa sweta la uzi wa kawaida tafuta sindano za milimita 4, ambazo kwa hesabu ya zamani ya Kiingereza ni namba 8. Pesa yenyewe iko kwenye uzi. Sweta la mtoto wa miaka miwili hula kama gramu 200, la mtu mzima huweza kupita 500, na kwa la mtu mzima uzi peke yake unaweza kuzidi bei ya sweta zima sokoni. Nunua uzi wote siku moja, na ukague namba ya rangi kwenye karatasi ya kila bunda. Bluu mbili zinazofanana dukani zinaweza kuachana mchana kweupe, na mstari wa kuachana utakaa kifuani pa mtoto.

Njia ya wajanja ni kununua sweta la mivumba na kulifumua. Kabla hujalipa, geuza ligeuke ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Kama vipande viliungwa kwa uzi, kingo zikiwa nzima kama mnyororo, uzi utatoka mrefu mpaka mwisho. Kama kingo zimekatwa na kupigwa overloki, liache: kila mstari ulikatwa kwa mkasi, na utaishia na rundo la vipande vya urefu wa mkono. Uzi uliofumuliwa uviringe kwenye mgongo wa kiti, uufunge sehemu tatu nne, uuloweshe, kisha uutundike ukauke; ule mkunjo utapungua.

Kroshia: chombo ni kimoja, bei yake haimuumizi mtu. Tahadhari ni kwamba kwa eneo lilelile kroshia kwa kawaida hula uzi mwingi kuliko sindano mbili. Kofia haitakuonyesha hilo. Blanketi litakuonyesha.

Nafasi, mwanga na mikono ya watoto

Tuko kwenye ikweta. Jua huzama kwenye saa moja jioni, Januari hadi Desemba, na mzazi anayerudi kwa foleni ya magari hufika nyumbani gizani. Kwa hiyo kazi ya mikono ya siku za kazi ni kazi ya taa.

Cherehani ya mguu haihitaji umeme, ila macho yanahitaji. Bluu nzito ya yunifomu na uzi wa bluu chini ya taa ndogo ya sola ni kutafuta maumivu ya kichwa. Vya namna hiyo viwekee mchana wa Jumapili. Kelele nayo ipo. Katika chumba kimoja cha kupanga, mtoto amelala upande huu na jirani yuko ukuta wa pili, mngurumo wa pedeli saa nne usiku hautakupatia marafiki. Tena cherehani ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa watoto. Ukimaliza, toa mkanda kwenye gurudumu. Mtoto atakanyaga pedeli apendavyo na sindano haitasogea. Ya umeme, chomoa waya kabisa. Kwa pini zilizodondoka, sumaku kutoka spika mbovu hufagia sakafu kuliko macho yako.

Sindano mbili hazitaki nafasi wala kelele. Baada ya mazoezi vidole huona vyenyewe, na mstari ulio wazi unaweza kuufuma ukitazama televisheni au ukisikiliza mtoto anasoma. Hatari ni ncha. Usiziache kitini.

Kroshia ni kimya pia, lakini ina jambo ambalo wanaoisifu husahau kulitaja: inataka macho zaidi. Kila mara lazima uone tundu unaloingia, na uzi mweusi au wa kahawia usiku hauonyeshi tundu. Umeme ukikatika, mwenye sindano mbili anaendelea. Mwenye kroshia anaweka chini. Ukiichagua, za usiku ziwe rangi za mwanga.

Ukikosea

Mshono unafumuliwa. Mkasi haurudi nyuma. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya cherehani na hizi mbili nyingine, na ndiyo sababu anayeanza asikate kitenge kizuri. Akate shuka la zamani kwanza.

Kitenge kina mtego wake. Huuzwa mara nyingi kwa yadi sita, na michoro mingine ina kichwa na miguu: ndege, taa, viti. Ukikikunja ili ukate mbele na nyuma kwa mkasi mmoja, tazama ndege wa upande wa chini wanaelekea wapi. Wengi wameshona gauni safi kabisa, ndege wa kifuani wanapaa na wa mgongoni wametumbukia kichwa chini. Mtoto hajali. Bibi yake atauliza kanisani, mbele ya watu.

Kwa sindano mbili, kitanzi kilichochomoka kinatelemka mstari kwa mstari na kuacha ngazi. Unakipandisha kwa ncha ya kroshia, ngazi moja baada ya nyingine, kwa hiyo hata mfumaji wa sindano aweke kroshia moja kwenye mfuko wake. Kosa kubwa hufumuliwa. Uzi haupotei, jioni zako ndizo zinazopotea.

Kroshia unavuta uzi mpaka kwenye kosa, unachomeka tena, unaendelea. Ni rahisi kupita kiasi, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja naye anaweza kuvuta.

Nguo zenyewe

Cherehani hutoa karibu kila kitu: kaptula, gauni, kanzu, mashuka, mapazia, na zaidi ya vyote marekebisho. Kushusha pindo la sketi ya mtoto aliyerefuka likizo ya Desemba ni kazi ya nusu saa, na peke yake inaweza kuhalalisha cherehani kwenye nyumba ya watoto wanne.

Isipokuwa gomesi, gauni la heshima la wanawake wa Uganda. Vazi hili, ambalo historia yake inahusishwa na fundi wa Kigoa (wa asili ya Goa, India) aliyeitwa Gomes na Shule ya Gayaza iliyoanzishwa mwaka 1905, humeza kama mita sita za kitambaa, na mabega yake yaliyochongoka yakilala, vazi zima limelala. Mpelekee fundi wa gomesi. Wewe shona vitu ambavyo mtoto atavichafua kabla ya chakula cha mchana.

Sindano mbili ni sweta, kofia, soksi. Thamani ya vitu hivyo hutegemea unakoishi kuliko watu wanavyokiri. Kabale iko juu ya mita 1,800 na usiku joto huweza kushuka mpaka karibu nyuzi 10. Huko, na Kapchorwa kwenye mteremko wa Elgon, sweta zito huvaliwa mpaka lichakae. Kampala ni asubuhi za mvua tu. Gulu au Arua mwezi Februari, sweta lako la wiki nyingi litakaa kabatini mpaka mtoto alizidi. Vichanga ndio pekee wanaovalishwa sufu kila wilaya. Kuhusu sweta za shule, uliza kabla ya kununua uzi: shule nyingine hukubali tu zile za mashine zenye nembo, zinazouzwa shuleni kwenyewe.

Kroshia hutoa kofia, viatu vya kichanga, shali, mabegi, na urembo wa kingo unaoinua gauni la kawaida. Kitambaa chake ni kizito kidogo na hakinyumbuki kama cha sindano, kwa hiyo suruali na mashati usiitegemee. Kwenye joto tumia uzi wa pamba na matundu makubwa. Vazi hupitisha hewa vizuri. Na ndiyo, vitambaa vya makochi. Ukianza kroshia shangazi zako watakuagiza hivyo kabla hujamvika mtoto yeyote.

Neno moja la kufua na pasi, maana linagusa zote tatu. Uzi uliojaa madukani ni akriliki, aina ya plastiki, na pasi ya mkaa haina kipimo cha joto. Ikigusa akriliki, ule ulaini hufa na pale panapong'aa hapaponi. Vilivyofumwa kwa akriliki havipigwi pasi. Vikaushe vikiwa vimelazwa, na mwambie anayekusaidia nyumbani kabla hajaviona.

Kwa hali yako

Kama una kichanga au mimba iliyofika mbali, anza na kroshia. Ukishazoea kushika uzi, sindano mbili hazitakuwa ngeni, na zitakuja wakati mtoto ameanza kulala usiku.

Kama una watoto watatu au wanne wa shule na kona moja ambayo cherehani inaweza kukaa bila kuhamishwa, cherehani italipa kwa marekebisho na yunifomu, ilimradi uitengee siku ya kukata. Kama kona hiyo haipo, ngoja. Shona pindo na vifungo kwa mkono, na kazi kubwa mpe fundi kwanza.

Kama unakaa dukani au kwenye kibanda cha mobile money, wateja wakija kwa mafungu, sindano mbili mchana ni zako: mwanga upo, mikono iko huru, na kumaliza mstari hakumchukizi mteja. Kama wateja hawakomi, kroshia.

Kama uko Kabale, Kisoro au Kapchorwa, sindano mbili zina kazi ya kweli mwaka mzima. Kama uko Arua, Gulu au Soroti, weka pesa kwenye cherehani na vitambaa vya pamba; kufuma kuwe kwa ajili ya vichanga na starehe yako.

Kama baba ndiye mwenye hamu, vigezo ni vilevile. Mafundi wengi wa barazani ni wanaume, na hakuna atakayeshangaa kumwona kwenye cherehani. Sindano mbili kwenye teksi zitamletea maswali. Ayajibu akifuma.

Kama unawaza kipato, cherehani hulipa mapema zaidi, na si kwa magauni. Zipu zilizoharibika, pindo za suruali na yunifomu zilizochanika wiki ya kufungua shule ndizo zinazoleta wateja mlangoni kila siku, na kazi hizo zinaingia kwenye dakika zako ishirini. Vilivyofumwa huuzika kwa oda, seti za vichanga hasa. Mwambie mteja alipie uzi kabla hujaanza, na mkubaliane siku ya kuchukua ambayo imeshahesabu homa za watoto wako.